Kwa mdogo wetu wa Likoni anayetaka upolisi: kabla mama hajalipa karo

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Una miaka 19, umepata C- kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, unautaka upolisi, na mama ameshaanza kukusanya karo ya diploma ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, ya miaka miwili katika chuo kimoja cha binafsi hapo mjini Mombasa. Unauliza kama diploma hiyo ndiyo mlango wa kuingilia, na kule chuo cha polisi kwenyewe watu wanasomeshwa nini. Mwenzetu mmoja hapa jukwaani amekujibu kimbia tu mchangani kila asubuhi, mengine utayakuta huko huko. Njia hiyo nimeipita. Mimi ni mtoto wa Kisauni, nilikwenda chuo cha polisi cha Kiganjo, nikavaa sare miaka sita kabla ya kurudi nyumbani kumuuguza mamangu. Niruhusu nikujibu kwa urefu.

Nianze na karo, maana hapo ndipo roho inaponiuma. Mwambie mama azuie mkono kwanza. Anayeingia kwa cheo cha konstebo, kile cha chini kabisa, hadaiwi diploma. Matangazo ya usajili yamekuwa yakitaka raia wa Kenya wa miaka 18 hadi 28, aliyepata angalau D+ kwenye KCSE, na D+ hiyo hiyo katika Kiingereza au Kiswahili, asiye na rekodi ya uhalifu na mwenye afya. Kimo ni futi 5 na inchi 8 kwa wanaume, futi 5 na inchi 3 kwa wanawake. C- yako inatosha na kubaki.

Nami nilishawishiwa vivyo hivyo. Mwaka mzima nilisomea cheti cha usalama na uhalifu katika chuo ambacho sitakitaja, na aliyetuandikisha alituapia kwamba wanafunzi wake hupewa nafasi za mbele. Karo ilitoka kwenye karai la mamangu, mahamri alfajiri, viazi jioni. Siku ya usajili nikakiweka cheti kile juu kabisa ndani ya bahasha, ndicho cha kwanza kuonekana. Afisa alikitazama kidogo, akanirudishia: "Hiki kaa nacho. Nipe cha kidato cha nne." Hakuna alichoniuliza zaidi. Nilichukuliwa siku ile, lakini kwa karatasi iliyokuwa sandukuni tangu nilipotoka shule. Hela za mwaka mzima za mamangu hazikusogeza jina langu hata nafasi moja.

Sisemi kriminolojia ni somo bovu. Mwenye digrii ana njia yake, anaweza kuomba kuingia kama kadeti wa inspekta nafasi hizo zinapotangazwa, na ukilipenda somo lenyewe unaweza kulisoma baadaye kwa mshahara wako. Ninachokataa ni kuuziwa diploma kama tiketi. Tena usajili hauji kila mwaka. Unaweza kungoja miaka miwili, mitatu. Kama kuna pesa ya kusomea sasa, mimi ningekwenda kujifunza ufundi, umeme au magari, pale Kenya Coast National Polytechnic. Hapo utakula huku ukingoja, na ukikosa upolisi hujakosa maisha.

Na pesa nyingine ambayo isitoke nyumbani kwenu ni ile ya "kuna mtu anajuana na wakubwa". Usajili ni bure. Barua ya wito anapewa aliyechukuliwa, palepale uwanjani, siku ileile. Kuna vijana wamefika hadi lango la Kiganjo na barua walizouziwa, wakaishia kukamatwa, na shamba la babu limeshauzwa.

Sasa chuo chenyewe. Chuo cha Kitaifa cha Polisi kina kampasi zaidi ya moja. Kuu ni hiyo ya Kiganjo, Nyeri, na Embakasi kuna nyingine. Sisi tulikaa miezi tisa, ingawa muda wa mafunzo umewahi kurefushwa na kufupishwa kulingana na mtaala. Baridi ya Kiganjo ni kweli. Mimi nilitoka pwani na leso mbili na sweta moja, usiku wa kwanza nikalala nimevaa kila nilichokuja nacho. Mbio pia zilinishinda wiki za mwanzo, kwa sababu kule ni juu, hewa nyepesi, na kifua cha mtu wa pwani hakijazoea. Mwili ulizoea. Gwaride hivyo hivyo, unakosea, unarudia, mwisho miguu inajua yenyewe. Shabaha nayo ina wakufunzi wavumilivu kuliko unavyofikiri. Mambo haya ndiyo watu huyasimulia, kwa hiyo sitakaa hapo.

Kilichowaangusha wenzangu ni darasa. Kuna Katiba, Kanuni ya Adhabu, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, Sheria ya Ushahidi, Sheria ya Trafiki, haki za binadamu, huduma ya kwanza, namna ya kulinda eneo la tukio, namna ya kuandika kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na kuchukua taarifa ya shahidi. Unasoma baada ya mbio, macho yanafumba, na mtihani upo. Nimemwona kijana mwenye kifua kigumu kama pweza mkavu, hodari wa mbio kuliko sote, akilia juu ya karatasi kwa kuwa hawezi kupanga tukio moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nikupe mfano wa somo ambalo silisahau. Mkufunzi alitusomea malalamiko ya mama aliyekuwa akitoka sokoni, vijana wawili wakamjia, mmoja akamkaba mkono, mwingine akachukua simu. Akatuambia tuandike. Mimi nikaandika kwa haraka, "Mlalamishi aliibiwa simu na vijana wawili." Akaisoma mbele ya darasa, akaniuliza mkono wa yule mama umekwenda wapi. Kisha akafungua Kanuni ya Adhabu. Wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 ukomo wake ni kifungo cha miaka 3. Lakini ukichukua mali kwa nguvu, nawe una silaha hatari, au uko na mwenzako hata mmoja, au umempiga au kumjeruhi mtu, hapo ni wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2), na sheria inataja hukumu ya kifo. Katikati ya miaka 3 na kifo palikuwa na sentensi yangu moja. Nikiacha mkono uliokabwa, mama amedhulumiwa. Nikiongeza mkono ambao haukukabwa, nimempeleka kijana wa watu kwenye shitaka la kunyongwa. Usiku ule sikulala vizuri, na haikuwa baridi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba sisi watu wa pwani tunakwenda kule na mtaji tusioujua. Mtu akikwambia amechomolewa simu, unajua mkono uliingia mfukoni yeye hana habari. Akisema amekwapuliwa, unajua mtu alipita mbio. Akisema amepokonywa, palikuwa na kuvutana. Akisema amenyang'anywa, unauliza walikuwa wangapi na walishika nini. Maneno manne, matukio manne. Wenzetu wengi wa bara walisema "ameibiwa" kwa yote, si kwa ujinga, bali kwa sababu Kiswahili walikutana nacho shuleni. Wakufunzi wakaanza kunituma nieleze tofauti. Polisi wenyewe wameandika "Utumishi kwa Wote" kwenye nembo yao, kwa Kiswahili. Usikione Kiswahili chako kama somo la kujazia cheti.

Somo jingine ni vielelezo, yaani vitu vya ushahidi. Walitupangia chumba kama kimevunjwa, na shati lenye rangi nyekundu lililolowa. Mimi nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga vizuri, nikajiona nimemaliza. Baada ya siku chache mkufunzi akaufungua. Harufu ya uvundo ikajaa darasa. Nguo yenye damu hukaushwa, ikatiwa kwenye mfuko wa karatasi, la sivyo unyevu unaiozesha na maabara haipati kitu. Halafu akauliza: ulimkabidhi nani, saa ngapi, sahihi iko wapi? Sikuwa nimeandika. Akasema kesi imekwisha. Na kweli, kortini wakili hahitaji kuthibitisha kwamba mteja wake ni mwema, anahitaji tu saa moja ambayo hakuna ajuaye shati lilikuwa kwa nani. Nilipofika kituoni, kila nilipopokea nguo ya mtoto aliyenajisiwa, nilikumbuka uvundo ule. Mtoto yule hana nguo ya pili ya kuleta.

Utasomeshwa pia mipaka yako, na haya yasome kabla hujaenda. Kifungu cha 49 cha Katiba: anayekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aambiwe ana haki ya kunyamaza, apate kuwasiliana na wakili, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au zikiishia wakati korti imefungwa, kabla ya mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kifungu hicho hicho kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Nenda nayo Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, linalohusu nguvu na silaha. Linataka njia zisizo za nguvu zitangulie. Afisa aliyevaa sare aonekane jina lake au namba yake. Na linasema wazi kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Sisi vijana wa Mombasa tumekua tukisikia majina ya watu waliochukuliwa usiku wasirudi. Nilipousoma mstari huo wa amri ya mkubwa niliupigia mstari mara mbili. Ukishindwa kuubeba moyoni, ndugu yangu, tafuta kazi nyingine, nakuomba kwa wema.

Sasa ufanye nini wakati unangoja? Kimbia, naam, ufuo wa Shelly hapo Likoni alfajiri unatosha, na tafuta vilima kuliko mchanga peke yake. Lakini saa moja ya kila siku iwe ya daftari. Sheria zote nilizotaja zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na Katiba ipo kwa Kiswahili. Usikariri. Chukua kosa moja, jiulize ni mambo gani lazima yathibitishwe, kisha andika kisa kidogo cha mtaani kwenu kinachoyatimiza na kingine kinachokosa jambo moja.

Na kuna darasa jingine la bure ambalo hakuna chuo kitakachokuuzia. Kesi husikizwa hadharani. Panda feri Jumanne asubuhi, vaa nadhifu, zima simu, nenda Mahakama za Mombasa, ukae benchi la nyuma. Ngoja mpaka polisi aitwe kizimbani kutoa ushahidi. Tazama wakili anavyomshika kwa saa, kwa tarehe, kwa neno alilosahau kuandika. Tazama pia yule afisa aliyeandika vizuri, anavyofungua karatasi yake na kujibu bila jasho. Ukitoka, andika ukurasa mmoja: ulimwona nani, walisema nini, saa ngapi, kwa mfuatano, bila kuongeza lako. Uweke hapa. Nitausoma, na nitakuonyesha mkono wa mama uko wapi.