Mhusika wa gemu hupendwa kwa kufanya naye kitu

Vijana wanaojifunza kutengeneza gemu hapa Mwanza wakinionyesha kazi zao, huanza na historia ya mhusika: kazaliwa wapi, nani kamuulia baba, ana kisasi gani. Huwa nawaambia waiweke pembeni kwanza. Nataka kujua mchezaji anafanya nini pamoja naye.

Mchezaji ana kidole kwenye kitufe, na mapenzi yanapitia hapo. Fumito Ueda, mtengenezaji gemu wa Japani, aliliona hilo katika Ico, gemu ya PlayStation 2 iliyotoka mwaka 2001. Mvulana anamtorosha Yorda, msichana ambaye lugha yake hatuielewi. Kumshika mkono, unabonyeza kitufe cha R1 na kuendelea kukibana. Ukiachia kitufe, umemwachia yeye. Hakuna hotuba inayoweza kukufanya uone uzito wake kama kidole hicho kinavyofanya.

Kwenye gemu ninayotengeneza sasa kuna mzee mvuvi wa dagaa. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, maana taa ndizo zinazowakusanya. Mchezaji ni kijana wa kutoa maji mtumbwini kwa kopo. Mzee nimempa tabia moja tu: upepo ukibadilika, anakugeukia wewe kwanza aone umekaa vizuri, ndipo anashughulikia nyavu. Sijaielezea popote. Usiku mmoja upepo unabadilika na mzee hageuki. Amejiinamia. Kitufe cha kugeuka na kumwangalia kinakuwa chako. Hapo wachezaji wangu huacha kuongea.

Tabia kama hiyo huipati ukiwa umejifungia chumbani. Nenda mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, wanaposhusha samaki, asubuhi, kaa utazame mikono ya watu na jinsi wanavyosimama wakichoka. Na usikilize. Mzee wa pale hakwambii "karibu shujaa, safari yako imeanza." Anakuuliza, "We kijana, umekula?" Mwandikie maneno ya namna hiyo, tena machache.

Simu zetu nyingi hazina nguvu ya kubeba sura yenye hisia zote, na wala hilo lisikuvunje moyo. Mgongo, mwendo na pumzi vinatosha. Mhusika anayesimama kukusubiri ukichelewa ameshasema mengi.

Kumuua mhusika mapema ili watu walie, sikushauri kabisa. Mchezaji hawezi kumlilia mtu ambaye hajawahi kumhudumia.

Ukitaka kujua kama umefaulu, mpe simu mtu asiyekujua, nyamaza, uangalie anavyocheza. Je, anarudi kwa mhusika bila gemu kumlazimisha? Akimpita tu, usikimbilie kumwongezea mhusika maneno. Mpunguzie uwezo: mfanye ashindwe kupanda mtumbwini mpaka ashikwe mkono, kisha jaribu na mtu mwingine.