Seli mfu au seli maiti? Na hizo za kinga zinakula ama zinafanya nini?

Kuna dada asomea unesi hapa Mombasa ameniuliza hivi: "Mwalimu, natengeneza chati ya kinga ya mwili, nimeandika 'seli za kinga hula seli maiti ndipo kinga huamka'. Mwenzangu asema maiti ni mtu peke yake. Niandike vipi?"

Mwenzako yuko sawa dada. Maiti ni mwanadamu, mnyama ni mzoga, na vitu vyengine twatumia -fu. Neno hili sisi wa pwani tunalo kila siku, muulize mvuvi yeyote atakwambia leo ni bamvua (maji yajaa na kupwa sana) ama ni maji mafu (yajaa na kupwa kidogo tu). Kwa seli lafuata mtindo wa mpya, seli mpya, seli mfu, iwe moja au elfu halibadiliki. "Seli zilizokufa" pia sawa tu.

Sasa hapo kwa "hula" ndipo pana kazi. Makrofaji, ile seli ya kinga inayomeza taka za mwili, ikikuta seli imekufa kwa utaratibu wake, yaimeza, yaimeng'enya, mambo yaisha hapo, kinga haichochewi, na hii yatokea mwilini kila siku bila wewe kuhisi. Hapo hata kula si mbaya. Lakini seli za dendritiki, seli nyengine za kinga, zile Ralph Steinman na Zanvil Cohn walizieleza kule New York mwaka 1973 (Steinman akapewa Nobel 2011, na alikuwa amefariki siku tatu kabla ya kutangazwa), hizi hazimezi ili zishibe. Seli ikifa ikapasuka, nyuzi zake za aktini (protini inayoipa seli umbo) zilizokuwa zimejificha ndani zabaki wazi, na baadhi ya dendritiki zina kipokezi kiitwacho DNGR-1 ambacho chazishika hizo nyuzi, basi kile kifuko kilichobeba mabaki chaweza kutoboka, protini zamwagika ndani ya seli, zakatwakatwa mpaka vipande vya asidi amino 8 hadi 10 hivi, halafu vyapandishwa kwenye utando wa nje vionekane na seli T, ambazo pia ni seli za kinga. Seli T ikitambua kipande cha virusi ama cha saratani ndio yaanza kuzaana na kwenda kuua seli zenye kipande hicho.

Kazi yote hiyo ukiiita kula umeifunika. Mimi naona kitenzi chake ni kunyambua, vile nyama iliyoiva hunyambuliwa kwa vidole nyuzi kwa nyuzi, na usihofu kuwa wanafunzi walijua kunyambua ni vitenzi peke yake, maana ni ile ile. Na kinga usiseme yaamka, sema huchochewa, manake ilikuwa kazini tangu mwanzo.

Andika: "Seli za dendritiki humeza mabaki ya seli mfu, huyanyambua, kisha huonyesha vipande vyake kwa seli T, na hapo kinga huchochewa." Ukikosa nafasi kwa chati punguza pengine lakini "huonyesha" usiitoe, bila hiyo seli T haijui ifuate nini.