Mama Mkulima, Jina Lako Liandikwe

Huku Mbozi, mkoani Songwe, Tanzania, hakuna anayeuliza kama wanawake wanalima. Mwezi wa kumi na mbili, ukitoka Vwawa kuelekea vijijini, wengi utakaowakuta wameinama kwenye mistari ya mahindi ni akina mama, mtoto yuko mgongoni au ameachwa kivulini na dada yake. Mwezi wa pili na wa tatu ni wao tena wanapanda maharage. Kahawa ikianza kuiva, ni mikono yao inayochuma, inayotenga mbivu na mbichi, inayogeuza punje kwenye vichanja mchana kutwa. Kwa hiyo nikihudhuria semina ya kuhamasisha wanawake washiriki kilimo, huwa nanyoosha mkono na kusema kwamba kushiriki tumeshashiriki. Tuzungumze jambo lingine.

Jambo lenyewe ni hili: katika kilimo unachokifanya, jina lako limeandikwa wapi?

Nalima kahawa, mahindi na maharage, nimeolewa hapahapa, na kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa kikundi cha akina mama. Nimekaa na wanawake hodari kuliko mimi shambani, wanaojua udongo wao hatua kwa hatua, ila ukienda ofisi ya kijiji, ukienda chama cha ushirika, ukifungua daftari la ruzuku ya mbolea, hawamo. Na asiyeandikwa haitwi mkutanoni, halipwi, hakopeshwi, na siku ya msiba haulizwi. Ninayoshauri hapa yanatokana na niliyoyapitia na niliyoyaona kwa wenzangu.

Anza na ardhi

Mwanamke anayelima shamba lisilo na jina lake halimi kwa kujiachia. Atasita kupanda miche ya kahawa itakayoanza kuzaa vizuri baada ya miaka mitatu au minne, kwa sababu hajui miaka hiyo itamkuta wapi. Hata samadi ataipeleka kidogokidogo. Nina jirani aliyelima eka mbili za mume wake tangu alipoolewa mpaka akapata wajukuu. Mume alipofariki, shemeji zake walikuja kuhesabu miche kabla matanga hayajaanuliwa.

Watu hudhani sheria inawaunga mkono shemeji wa namna hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawasawa na mwanaume, na kifungu cha 20 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Tatizo linakuja kwenye mirathi. Huko bado linatumika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo humweka mtoto wa kike daraja la tatu katika urithi, na mjane halimpi fungu, bali linamwachia atunzwe na watoto wake. Sheria hizi zinavutana, na anayeumia katikati ni mjane asiye na karatasi.

Wapo wanawake waliosimama mahakamani wakasikilizwa. Bi Holaria Pastory wa Kagera alirithi shamba kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda kupinga, akidai mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisema mila hiyo ni ubaguzi unaokwenda kinyume na Katiba, na mauzo yakabaki halali. Kabla yake, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Nawasimulia wanakikundi wetu mashauri haya kila ninapopata nafasi, maana mwanamke akijua kwamba mwenzake alisikilizwa, haogopi tena kuingia ofisini.

Lakini mahakama ni mbali na ni gharama. Njia nafuu ni hati ya hakimiliki ya kimila mkiwa wote hai na mnaelewana. Mbozi yetu ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kutoa hati hizi baada ya sheria ya 1999, kwa hiyo hapa kwetu si jambo geni. Kama kijiji chenu kina cheti cha ardhi ya kijiji na kimepanga matumizi ya ardhi, maombi yanaanzia halmashauri ya kijiji. Mnajaza fomu, majirani wa mpaka wanakuja kushuhudia, shamba linapimwa, mnaweka sahihi. Hapo kwenye fomu ndipo penye kazi, dada yangu. Sisitiza majina mawili. Kisha uliza swali ambalo wengi hawaulizi: ni umiliki wa pamoja, au ni umiliki ambao kila mmoja ana fungu lake? Katika umiliki wa pamoja, mmoja akifariki shamba linabaki kwa aliye hai. Mkimiliki kwa mafungu, fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi, na shemeji wanaweza kurudi kwa mlango huo. Kwa wanandoa walio wengi nashauri umiliki wa pamoja.

Namna ya kumwambia mume? Usianze na vifungu vya sheria, atadhani umeanza kujiandaa kuondoka. Anza na watoto. Mimi nilimwambia mume wangu kwamba majina yetu wote wawili yakiwepo, hakuna ndugu atakayewavuruga watoto wetu tukishalala. Yeye mwenyewe alikuwa ameona kwao jinsi mirathi ilivyovunja undugu, hivyo alikwenda ofisi ya kijiji kabla yangu. Sisemi waume wote watakubali siku hiyohiyo. Wengine wanahitaji kusikia kutoka kwa mwanaume mwenzao, basi mtafute mzee anayemheshimu, au mchungaji, au mjumbe wa kitongoji aliyeshaandikisha na mkewe.

Kwenye ndoa ya wake wengi, shamba analolima kila mke liandikwe yeye na mume, kila moja kivyake. Nimeona ugomvi mkubwa ukitokana na hati moja iliyobeba jina la mke mkubwa tu. Na ninyi mliorudi nyumbani kwa wazazi, kama baba yu hai na anakupenda, muombe akukatie eneo sasa, mbele ya mashahidi na kwa muhtasari wa halmashauri ya kijiji. Ahadi ya mdomo huzikwa na mwenye nayo.

Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na sheria inataka watatu kati yao wawe wanawake. Nafasi zikitangazwa, jitokezeni.

Pesa ya kahawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi za Mbozi zinapoungua kimyakimya. Kahawa inapelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwa namba ya mwanachama, na malipo huingia kwenye akaunti ya mwanachama. Mwanachama ni baba. Aliyechuma na kuanika ni mama na watoto. Malipo yakitoka anajua mmoja tu, na mara nyingine mama huipata habari pale anapoona pikipiki mpya uani. Msimu unaofuata unadhani atachuma kwa moyo gani? Atachuma mbivu na mbichi pamoja ili amalize haraka arudi kwenye maharage yake, maana maharage akiuza debe, pesa anaishika mwenyewe. Ubora wa kahawa unashuka na baba analalamika kwamba mke ni mvivu. Mke si mvivu. Anapeleka nguvu zake kule zinakomrudia.

Dawa yake ni uanachama wako mwenyewe. Uliza chama chenu masharti ya kujiunga, lipa kiingilio na hisa, pata namba, fungua akaunti. Hatukugawana shamba nyumbani kwetu. Tulikubaliana tu kwamba kahawa ya miche ya upande wa bondeni inaingia kwa namba yangu, na iliyobaki kwa namba yake. Tangu hapo ada ya shule haina mvutano, na ninachuma mbivu tupu pande zote mbili. Faida nyingine ni kwamba mwanachama ana kura kwenye mkutano mkuu. Anasikia bei, anasikia makato, anauliza.

Nawaonya na hili. Zao la mama likianza kuleta pesa nyingi, huwa linahama mikono. Maharage yakiwa ya mboga ni ya mama, lori likianza kuja kuyachukua kwa magunia yanakuwa ya baba. Zungumzeni mgawanyo kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna. Weka daftari: mbegu shilingi ngapi, kibarua shilingi ngapi, umeuza magunia mangapi na kwa nani. Mazungumzo yenye daftari mezani huwa mafupi na hayana kelele. Na ukiuza, uza kwa mizani. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, huonekana gunia moja kumbe imemeza madebe yako bure.

Saa zetu

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliandika mwaka 2023 kwamba mashamba yanayosimamiwa na wanawake hutoa mavuno pungufu kwa asilimia 24 yakilinganishwa na ya wanaume yenye ukubwa uleule. Mtu asiyeijua siku ya mwanamke wa kijijini anaweza kusema hatujui kulima. Sisi tunajua pengo linatoka wapi. Kabla ya jembe kuna maji, kuni, uji wa watoto na mgonjwa wa kumwangalia. Mahindi yanataka palizi mapema, ndani ya wiki chache za mwanzo, la sivyo magugu yanakula mbolea. Wiki hizohizo nguvu za nyumba nzima zinatakiwa kwenye shamba la baba kwanza, na la mama linapaliliwa likiwa limeshageuka njano.

Kilichotusaidia sisi ni kupeana zamu: kikundi kizima kinaingia shamba la mmoja, kesho la mwingine, na ratiba inaanza na aliyewahi kupanda. Tukatenga pia fedha ya kikundi kwa ajili ya kibarua wa mwenzetu aliyejifungua au aliyefiwa. Halafu tulimwomba afisa ugani ahamishe mafunzo ya shamba darasa kutoka asubuhi hadi saa tisa alasiri. Alikubali bila ubishi, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba asubuhi tuko mtoni na shambani. Mahudhurio ya akina mama yakaongezeka palepale. Kaka zangu mnaosoma hapa, mkibeba ndoo mbili za maji wakati wa palizi mtaliona tofauti yake kwenye ghala.

Mikopo

Wale wakopeshaji wa kausha damu wanaojua kufika mlangoni na pesa mkononi, waepuke kabisa. Kilimo kinalipa mara moja au mbili kwa mwaka na wao wanataka rejesho kila wiki. Nimeona masufuria na magodoro yakibebwa mchana watu wakitazama. VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopeshana, vinatosha kwa mbegu na dawa. Ukitaka zaidi, halmashauri za wilaya zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, sajilini kikundi, na mnapoandika mpango wa marejesho uelekezeni kwenye miezi ya mauzo. Wasiolima wakiwaandikia, watawawekea rejesho mwezi wa kwanza, wakati hata mbegu ya msimu bado inadaiwa.

Mbolea ya ruzuku

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mwanamke Mkulima. Nimefurahi kwa moyo wote, na nawaomba tuutumie kwa jambo dogo linaloshikika. Daftari la wakulima la ruzuku ya mbolea linaandikwa huku kijijini, na katika kaya nyingi linabeba jina la baba na namba ya simu ya baba. Akisafiri, ujumbe wa mbolea unaoingia kwenye simu yake unasafiri naye, na mbolea ya kukuzia inafika mahindi yameshabeba. Kama una eneo unalolima wewe, hata nusu eka, jiandikishe kwa jina lako na laini ya simu uliyoisajili kwa kitambulisho chako cha NIDA, siyo laini ya kijana wa jirani. Fanya hivyo kabla ya mvua, kwa sababu zikianza ofisi hujaa. Beba kitambulisho, simu yenyewe, ukubwa wa shamba na jina la kitongoji lilipo, kisha omba uoneshwe ulivyoandikwa kabla hujaondoka, maana jina likikosewa herufi moja, kulirekebisha kutakula siku zako za kupanda.