Usichague transfoma kwa urefu wa cheche

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja nyumbani na mfuko mzito begani. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimepata transfoma!" Uso wote ulikuwa unamng'aa. Aliinunua kwa muuza chuma chakavu hapa Malindi, imetolewa kwenye maikrowevu mbovu. Alitaka nimfundishe kurusha cheche ndefu kama alizoziona kwenye simu. Nilimwambia aiweke chini mlangoni, tukae kwanza tuzungumze.

Mimi nami nilianzia hapo hapo. Nilipokuwa na umri kama wake niliichomeka moja kwenye soketi, nikasogeza nyaya zake mbili kwa kijiti kikavu. Hakikuruka kitu. Nikaona labda imekufa, nikanyoosha mkono ili nikaze waya. Rafiki yangu aliyekuwa amekaa karibu na swichi akaizima kabla vidole vyangu havijafika. Yeye alikuwa ameusikia mngurumo wake, mimi nilikuwa naangalia cheche tu. Mpaka leo nikiikumbuka siku hiyo mikono hunilegea.

Transfoma ya maikrowevu huchukua volti 240 za nyumbani na kutoa kama volti 2,000. Hewa huhitaji takriban volti 3,000 kwa kila milimita ili cheche iruke baina ya vyuma viwili laini. Kwa hiyo volti 2,000 hazivuki hata milimita moja. Haitoi cheche, haina cha kumtisha mtu, lakini nyuma ya zile volti kuna nusu ampea na zaidi, na makumi machache tu ya miliampea (elfu moja hufanya ampea moja) yakipita kifuani yanatosha kuuvuruga moyo. Usitegemee fyuzi. Volti 2,000 zikimpitisha mtu miliampea 100, hizo ni wati 200, na pasi ya nguo hula wati 1,000 bila fyuzi kushtuka. Hata kile kifaa cha kukata umeme unapovuja hakitakuokoa, kwa sababu waya wa upande wa pili wa transfoma, unaotoa zile volti 2,000, haukuunganishwa na umeme wa nyumba. Kinachopita mwilini mwako hakionekani kama uvujaji upande wa kwanza. Huko Marekani watu wamekufa wakitumia transfoma hizi kuchoma michoro kwenye mbao, hata American Association of Woodturners, chama cha wakereza mbao, ikapiga marufuku kazi hiyo kwenye hafla zake. Hao walikuwa watu wazima, wenye karakana na vifaa.

Basi ukienda kutafuta transfoma, swali la kwanza lisiwe inatoa volti ngapi. Uliza: nikikosea nikaigusa, inaweza kunipitishia ampea ngapi, na kwa muda gani?

Kwa jibu la swali hilo, mimi humpa anayeanza koili ya kuwashia injini, nayo ni aina ya transfoma. Tafuta ya gari la zamani, ile ya mviringo kama kopo, ya enzi za distribyuta, kile kifaa kilichogawa umeme kwenye plagi. Waya wake wa kwanza huwa na ukinzani wa omu 3 hivi, kwa hiyo betri ya volti 12 huupitisha ampea 4. Ukiukata umeme ghafla, usumaku wa ndani huanguka na upande wa pili huruka mpaka volti 20,000 na zaidi. Cheche unaiona, unaisikia, tena nguvu ya kila pigo ni chini ya jouli moja kwa mbali. Itakuuma sana, inaweza kukuangusha kwenye kiti, na mwenye kifaa cha moyo kifuani asikaribie kabisa. Lakini hakuna soketi ya ukutani nyuma yake, na mimi hilo ndilo ninalolitaka.

Koili ya bodaboda ni rahisi zaidi kuipata, ila angalia. Pikipiki nyingi huwasha kwa kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, iliyojazwa volti mia kadhaa, na koili zake zina ukinzani mdogo mno. Ukiifunga moja kwa moja kwenye betri utaichoma koili na nyaya pamoja.

Flaibaki, yaani transfoma ya volti kubwa iliyo ndani ya televisheni za zamani zenye kichogo, ni hatua ya pili, baada ya miezi. Usiifungue televisheni mwenyewe: kioo chake hushika umeme hata kikiwa kimechomolewa muda mrefu. Mwombe fundi akutolee. Na transfoma za mabango ya neoni, zenye volti 15,000 na miliampea 30, ziache mpaka uwe na mtu mzoefu wa kusimama nawe. Chuma chake kimeundwa kuubana mkondo, ndiyo, lakini miliampea 30 bado zinaua.

Kuna jambo la pwani yetu ambalo wanaofundisha kutoka bara hawalitaji. Chumvi. Nyumba yangu haiko mbali na bahari, na mwezi wa Mei, mvua za masika na upepo wa kusi vikikutana, kila kitu mezani hupata utando wa unyevu wa chumvi. Mwaka mmoja koili yangu ilikataa kuruka baina ya misumari. Cheche ikatambaa juu ya ubao nilioifungia, ikauchoma mstari mweusi, na tangu hapo ikapita njia ile ile kila mara. Sasa natumia kibao cha plastiki cha kukatia mboga, nakifuta kwa maji yasiyo na chumvi na kukikausha kabla ya kila jaribio. Dirisha huwa wazi, maana cheche huzalisha gesi ya ozoni, na harufu yake kali si ya kukaa nayo chumbani. Mkono mmoja unakaa mfukoni, na nyaya za betri huchomolewa kabla sijagusa chochote.

Mpwa wangu alinuna kidogo, simlaumu. Tuliikata waya ile transfoma yake, shaba akaenda kuiuza. Hela aliyopata ilimtosha koili iliyotumika, na Jumamosi atakuja nayo. Betri ninayo. Nimemwambia aje na viatu, si ndara.