Maswali ya Wasomaji: Mpwa Wangu Hakosi Shimo

SWALI: Bwana Mhariri, assalaamu alaykum. Mpwa wangu ana miaka 15 na yuko kidato cha pili hapa Wete. Kila baada ya swala ya alasiri humkuta kwenye meza ya pool iliyo karibu na duka la jirani yetu. Wenzake wanasema hakosi shimo, na sasa kuna mtu mzima aliyemwahidi kumpeleka kwenye mashindano Dar es Salaam, lakini kwa sharti la kuacha skuli. Mama yake halali kwa mawazo. Je, mchezo huu una mabingwa wa umri huu kweli, na nitajuaje kama mtoto ana kipaji au anasifiwa na maskani tu?
Mjomba, Wete

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Mabingwa wadogo wapo. Mwaka 2005, kijana wa Taiwan aitwaye Wu Chia-ching alitwaa ubingwa wa dunia wa mipira tisa akiwa na miaka 16 tu, na katika fainali alikuwa nyuma kwa michezo 12 dhidi ya 16 kabla ya kushinda 17 kwa 16. Fedor Gorst, mzaliwa wa Moscow, alishinda ubingwa huo huo mjini Doha mwaka 2019 akiwa na miaka 19, kisha akaushinda tena Jeddah mwaka 2024, safari hiyo akiiwakilisha Marekani, na kuondoka na dola 250,000. Joshua Filler wa Ujerumani aliupata mwaka 2018 akiwa na miaka 21. Kwa hiyo umri wa mpwa wako si kichekesho hata kidogo.

Lakini sifa ya kutokosa shimo, Bwana Mjomba, ningeipokea kwa uangalifu. Katika mchezo wetu wa mtaani kila mtu ana kundi lake la mipira, na huchagua wowote katika kundi hilo anaouona rahisi, mpaka abakie na ule mweusi. Katika mipira tisa, ambao ndio mchezo wa hao niliowataja, mpira mweupe lazima uguse kwanza ule wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani, kwa hiyo mchezaji hachagui. Anayejua kutumbukiza bila kujua mweupe utasimama wapi hukwama kwenye mpira wa tatu au wa nne.

Mpime hivi. Weka kipande cha karatasi chenye ukubwa wa kiganja juu ya kitambaa cha meza, umwambie atumbukize mpira mmoja wa karibu na mweupe usimame juu ya karatasi hiyo. Arudie mara kumi, kisha hamisha karatasi. Kama katika kila kumi anaipata mara sita au saba, na akikosa anaweza kukueleza kwa nini amekosa, hapo pana kitu cha kulea. Akikosa akailaumu fimbo, bado.

Meza nazo zina maneno yake. Hizi zetu za kuwekea sarafu ni ndogo, na aghlabu utaona mguu mmoja umewekewa kipande cha boksi ili isiiname. Wakati wa masika kitambaa hunyonya unyevu, mipira ikawa mizito, na mtoto akazoea kupiga kwa nguvu. Meza ya mashindano ina futi 9, sehemu ya kuchezea ikiwa na urefu wa sentimita 254 na upana wa 127; kitambaa chake ni laini na chepesi, na katika mashindano makubwa ya miaka ya karibuni mashimo ya kwenye kona yamebanwa hadi inchi 4. Mkono uliozoea kupiga kwa nguvu huko huupeleka mweupe mbali kupita ulipotakiwa. Si aibu, ila inahitaji miezi ya kujifunza upya kupiga taratibu.

Ama huyo mtu mzima, sharti lake ndilo linalonitia shaka. Mwenye nia njema angeanza kubisha hodi kwa mama, akataja mashindano gani, tarehe gani, na nani analipa nauli na malazi. Mashindano huchukua siku chache, na likizo za skuli zipo. Mwulize pia kama kuna watu wanaowekeana fedha kwenye michezo ya mtoto. Akijikanyaga katika jibu, mzungumzo uishie hapo hapo.

SWALI: Binti yangu wa miaka 13 anapenda pool, lakini kaka zake wanamcheka. Je, wanawake hucheza mchezo huu kwa ushindani?
Mama, Mwanakwerekwe

JIBU: Hucheza, tena kwa ubingwa wa dunia. Liu Shasha wa China aliuchukua wa mipira tisa mwaka 2009 akiwa na miaka 16. Chezka Centeno, kutoka Zamboanga, Ufilipino, alipata dhahabu ya michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki mwaka 2015 kabla hajatimiza miaka 16, na mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia wa mipira kumi. Kaka zake wasomewe hayo. Kwa binti wa umri huo, zungumza na mwenye meza mnayejuana naye akupeni saa moja ya Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajajaa, na mchagulie fimbo fupi kidogo ili kiwiko kisimsumbue.