Laini mbili za intaneti kwenye kompyuta moja

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nafanyia kazi nyumbani, Dar es Salaam. Faiba inaingia kwenye kompyuta kwa waya, na juzi nimeongeza ruta ya 4G ya kampuni nyingine, naipata kwa Wi-Fi. Kila moja ikiwa peke yake iko vizuri. Nikiwasha zote mbili, kurasa zinagoma, na kifurushi cha 4G kinayeyuka. Natumia Windows 11. Nakosea wapi?

JIBU: Nzuri, dada. Kwanza fungua Command Prompt, andika ipconfig, kisha angalia mistari ya "Default Gateway", yaani anwani ya ruta ambayo kompyuta hupitia kwenda nje. Nahisi utakuta 192.168.1.1 mara mbili. Ruta nyingi hutoka kiwandani na anwani hiyo, na zikikutana ni kama nyumba mbili za mtaa mmoja zenye namba moja: kompyuta haijui ibishe hodi wapi. Ingia kwenye ukurasa wa ruta ya 4G, ibadilishe iwe 192.168.8.1, kisha uizime na kuiwasha.

Sasa amua ipi itangulie. Ukiiachia Windows, inachagua kwa kuangalia kasi ya kiungo kati ya kompyuta na ruta. Bei ya kifurushi haiijui, ndiyo maana 4G yako inaliwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl. Kwenye muunganisho wa waya fungua Properties, chagua Internet Protocol Version 4, kisha Properties, kisha Advanced. Ondoa tiki kwenye "Automatic metric" uandike 10. Kwenye Wi-Fi andika 50. Namba ndogo ndiyo hutangulia. Rudia hivyo hivyo kwa Version 6; wengi huisahau hii, halafu wanashangaa mbona data bado inapita 4G. Wi-Fi hiyo iwekee pia "Metered connection", Windows isipakue masasisho yake mengi huko.

Usitegemee kasi kujumlishwa. Faili moja unalopakua hupita njia moja tu.

Kuna jambo jingine linalowaumiza wengi. Faiba ikikatika huko barabarani huku ruta yako ikiwa imewaka, kompyuta huona waya bado mzima na huendelea kung'ang'ania njia hiyo hiyo. Chomoa waya, itahamia 4G. Ukitaka ihame yenyewe, nunua ruta yenye milango miwili ya WAN (ya kuingizia intaneti kutoka nje), inayopima kila mara kama intaneti ya nje ipo. Kwa anayeishi kwa kazi za mtandaoni, mimi ningenunua hiyo.

Na uulize kampuni zako zinapitia wapi kutoka nchini. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania na Kenya ziliyumba pamoja; laini mbili zinazotegemea waya mmoja baharini huanguka siku moja.

Jaribu jioni, usiku wa mkutano usingoje. Chomoa waya ukiwa kwenye simu ya video na mwenzako: inaweza kukatika sekunde kadhaa, kwa sababu anwani yako ya nje imebadilika, kisha mtaendelea.