Mke wangu haongei tangu tupoteze mtoto: ushauri nasaha utamsaidia nini?

Kaka mleta mada, poleni sana wewe na mkeo. Umesema alijifungua mtoto akiwa ameshafariki, miezi imepita, kazi za nyumbani anafanya ila haongei. Mama yako anasema mzae mwingine yataisha, dada yako ndiye aliyetaja ushauri nasaha, na wewe unauliza: mtu alipe hela akaongee na mgeni, apone nini? Nakujibu kama mwanamke niliyepita hapohapo.

Msiba huu una ugumu wake wa peke yake. Akifa mtu mzima watu wanajaa, turubai linafungwa, tunakaa matanga na marehemu anasimuliwa usiku kucha. Mtoto aliyezaliwa amefariki hana wa kumsimulia, maana aliyemjua ni yule aliyembeba tu. Wangu alizikwa mimi nikiwa bado wodini. Niliporudi, nguo zake zilikuwa zimeshaondolewa kabatini, kwa nia njema kabisa, na kila aliyeingia akaniambia nisilie, nitapata mwingine. Halafu maziwa yakashuka. Hakuna aliyekuwa ameniandaa kwa hilo. Kifua kimejaa na kinauma, gauni linalowa mbele za wageni, na hakuna wa kumnyonyesha. Nikaacha kutoka chumbani.

Mshauri wangu alikuwa muuguzi aliyesomea ushauri nasaha, katika hospitali ya mkoa. Nilitarajia mawaidha. Yeye akafunga mlango, akakaa, akaniuliza, "Alifanana na nani?" Tangu nijifungue hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza lolote kuhusu mtoto mwenyewe. Nikamjibu masikio yalikuwa ya baba yake. Nililia mpaka kanga ikalowa, naye hakuninyamazisha. Alisubiri.

Hapo ndipo penye tofauti na sisi ndugu, kaka. Ndugu anakupenda, hivyo machozi yako yanamuumiza, na anataka yakome haraka. Mama mkwe wangu alikuwa amepoteza mjukuu. Mume wangu alikuwa amepoteza mtoto. Kila nikifungua mdomo nilikuwa naona ninavyowaumiza, nikanyamaza. Huenda mkeo naye ananyamaza kwa ajili yako.

Lakini kulia pekee hakukuniponya. Kulikuwa na jambo linanitafuna: niliamini nimemuua mwanangu kwa sababu nilibeba ndoo za maji na kupanda bodaboda nikiwa na mimba kubwa. Sikuwa nimemwambia mtu. Mshauri hakukimbilia kunijibu kwamba si kosa langu, maana hilo nilishaambiwa na wengi na halikuingia. Alitaka nieleze siku ile yote, saa kwa saa, kisha akanipeleka kwa daktari aliyelisoma faili langu mbele yangu. Kondo la nyuma lilikuwa limeachia kabla ya wakati, na presha yangu ilikuwa imepanda sana. Kwa wengine huwa ni maambukizi kama kaswende, au kisukari, au kitovu, na mara nyingi chanzo hakijulikani kabisa. Kusikia maelezo ya mwili wangu mwenyewe, kwa lugha ninayoielewa, kulinishushia mzigo ambao maneno matamu hayakuuweza. Kwa hiyo mwombe mkeo, akiwa tayari, mkaulize hospitali alikojifungulia.

Kuna watu watakuambia huzuni ina hatua tano na lazima azipite kwa mpangilio. Msihangaike nazo. Daktari Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wao wenyewe, na huzuni ya mzazi haifuati foleni. Mimi niliweza kucheka wiki moja, wiki inayofuata nikashindwa kupita karibu na kliniki ya watoto.

Sitakudanganya kwamba nimesahau. Mwanangu namkumbuka. Kilichobadilika ni kwamba naweza kumtaja bila kuzama. Nilirudi kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nilijifunza kumwambia mama mkwe, kwa heshima zote, "Mama, suala la mimba nyingine tutawaambia sisi wenyewe tukiwa tayari." Zamani nisingethubutu. Na jirani anapofiwa siku hizi simwambii asilie. Nakaa naye na kumuuliza habari za aliyeondoka.

Kuhusu dini, endeleeni na sala zenu, haziingiliani. Ila mshauri anayekuhubiria, anayekusimulia siri za wateja wengine, au anayekuahidi utapona kwa kikao kimoja, mwondokeeni, tafuteni mwingine. Anzeni hospitali ya wilaya au ya mkoa, ulizeni kliniki ya afya ya akili au ofisi ya ustawi wa jamii; gharama yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya binafsi. Na kama mkeo anasema anataka kufa, au amegoma kula, au anasikia sauti, usisubiri miadi. Mpeleke hospitali leo hii, na usimwache peke yake.

Siku ya kwanza msindikize. Kaa nje akitaka, na akitoka usimhoji walichoongea, akuambie mwenyewe. Kisha wewe pia omba kikao chako. Katika maelezo yako yote umeandika "mke wangu amepoteza mtoto". Ni wako pia, kaka.

Na mkijaliwa mimba nyingine, mwambieni mkunga hudhurio la kwanza kabisa kwamba mlipoteza. Hofu itarudi, hasa miezi ile ile, na ndio wakati wa kurudi kwa mshauri mapema, hata kama mkeo anaonekana mzima.